Uwanja wa ndege wa Brussels na mama yangu wa miaka 71: tulivyopita, na mambo ya kujua ukitokea Kigoma

Wadau habari zenu. Naandika nikiwa Mwanga hapa Kigoma mjini, nimeahidi watu wengi kuwaelezea safari yetu ya Ubelgiji na kila mtu ananiuliza kitu kilekile, "mlipotea?" Hatukupotea. Tulikosea mara moja tu na nitasema wapi, ila kupotea hapana, na ndo maana nimeamua kuandika kirefu, maana kabla ya safari nilitafuta maelezo ya Kiswahili sikupata ya kunitosha, nilichokuta ni watu wamepiga picha na ndege basi.

Tulikuwa wawili, mimi na mama. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, anaongea Kiha na Kiswahili, namba anasoma vizuri, herufi kidogo kidogo, maisha yake mengi ameyamaliza Kibirizi anaanika na kuuza dagaa. Dada yangu mkubwa ameolewa kule, anaishi mji unaitwa Leuven, akajifungua mwezi wa kumi, mama akasema mjukuu huyu lazima nimshike kwa mikono yangu sio kwenye simu. Basi tukajikusanya. Viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, hiyo haina mjadala, tukapata, mwanzoni mwa Novemba 2025 tukaondoka. Kigoma mpaka Dar ndege, Dar mpaka Ghuba, Ghuba mpaka Brussels.

Kitu cha kwanza nataka mnisikilize hapa ni wilchea. Kama unasafiri na mzazi ambaye hawezi kutembea mbali, omba kiti cha magurudumu wakati unakata tiketi, na usikubali kuambiwa "tutaweka". Sisi wakala aliyetukatia tiketi alisema ameshaweka, tumefika kaunta ya kwanza kabisa hakuna kitu kwenye mfumo. Niliumia sana, maana kama nisingeuliza mama angetembea kila uwanja. Kuna kodi tatu, yaani alama za herufi sio ushuru, mzikariri: WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi ila hawezi mwendo mrefu, WCHS ni asiyeweza ngazi, WCHC ni asiyeweza kutembea kabisa mpaka abebwe hadi kwenye siti. Mama tulimwandikisha WCHS. Mwambie wakala akuonyeshe hiyo kodi kwenye tiketi yako kwa macho yako. Na kwa Ulaya huduma hii ni bure, ni sheria yao ya mwaka 2006, wanachotaka ni uwape taarifa saa 48 kabla. Mtu akikudai hela ya wilchea uwanja wa ndege wa kule, hiyo sio halali.

Sasa tufike Brussels. Uwanja wenyewe uko mahali panaitwa Zaventem, kama kilomita 12 kutoka katikati ya jiji, upande wa kaskazini mashariki. Ni mkubwa, mwaka 2024 ulipitisha abiria zaidi ya milioni 23, lakini uzuri wake mkubwa kuliko yote, na hapa ndo natoa maksi zangu nyingi, ni kwamba jengo la abiria ni moja. Viwanja vingine vya Ulaya unashuka jengo hili unaambiwa ndege yako iko jengo lile panda basi, hapa hakuna hiyo. Kila kitu kiko chini ya paa moja kimepangwa kwa ghorofa, na ukishazishika namba za ghorofa umeumaliza uwanja. Ghorofa ya 3 ni kuondoka. Ya 2 ni kuwasili. Sifuri ni mabasi. Na chini ya sifuri, wameandika -1, ni treni. Hizo nne tu.

Nilikuwa nimezisoma kabla kwa hiyo tukiwa bado Dar nikamwandikia mama kwenye kikaratasi kwa kalamu ya wino mzito, 3 kuondoka, 2 kuwasili, 0 basi, -1 treni. Akaiangalia ile ya mwisho muda mrefu akaniuliza "sifuri nayo ina chini?" Nikamwambia ndio mama, chini ya ardhi. Akaikunja akaifunga kwenye pindo la kitenge, pale anapofungiaga hela.

Kushuka kwenye ndege, tulikuta kijana na kiti mlangoni kabisa. Ndege zinazotoka nje ya Schengen, kama hizi zetu, mara nyingi zinatumia geti zenye herufi B, zile za ndani ya Schengen ndo herufi A. Kutoka B unafata mishale mpaka uhamiaji. Pale kuna mistari miwili mikubwa, wenye pasipoti za Ulaya na wengine wote, sisi ni wengine wote. Toka Oktoba 12 mwaka 2025 wameanza mfumo mpya, mhuri wa kugonga kwenye pasipoti unaondoka, badala yake wanakupiga picha ya uso na kukuweka kwenye kompyuta. Sisi wenye viza alama za vidole walishachukua tulipoomba viza, kwa hiyo pale wanalinganisha tu kama ni wewe.

Ila hapo kwenye kulinganisha ndo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Mama kaweka vidole kwenye kioo, taa nyekundu. Kaweka tena, nyekundu. Vidole vya mama vimelika, miaka arobaini ya chumvi na dagaa na jembe, ukimshika mkono unasikia ngozi ngumu kama gome, mistari hakuna. Afisa hakupiga kelele, alimwonyesha kwa ishara afute mkono halafu akandamize kwa nguvu. Mama akafuta kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja, akaweka, akakandamiza na mkono wa pili juu yake. Ikawaka kijani. Kwa hiyo wenye wazazi wakulima na wavuvi, siku mbili tatu kabla ya safari wapakeni mafuta mikono kila usiku ilainike, halafu pale kwenye mashine ifuteni iwe mikavu. Hili hakuna aliyeniambia. Na muwe na barua ya mwaliko, bima na tiketi ya kurudi mkononi, sio kwenye begi ulilotuma, maana wakiuliza wanauliza palepale.

Baada ya hapo mizigo, skrini inaonyesha namba ya mkanda, halafu forodha. Hapa ndo watu wa Kigoma tunapoogopa kwa sababu ya dagaa, na nimeulizwa hili kuliko chochote. Jamani dagaa inaruhusiwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya kwa mtu anayeleta chakula chake mwenyewe inasema samaki mpaka kilo 20 kwa kila mtu, wakavu, wa kubanikwa, wa moshi, wote wamo. Samaki mbichi lazima awe ametolewa matumbo. Nyama hairuhusiwi hata kipande, maziwa na vitu vyake hairuhusiwi, kwa hiyo samli ya bibi acha nyumbani. Asali inaruhusiwa mpaka kilo 2, ndugu zetu wa Tabora hapo mmesikia, chupa mbili tatu ndogo zinapita, dumu hapana. Matunda na mboga mbichi wanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa mananasi, nazi, ndizi, tende na duriani, hayo yanapita bila cheti. Embe hapana. Na ukiwa na hela taslimu kuanzia euro 10,000 lazima utamke, ingawa wengi wetu hilo halituhusu.

Sisi tulikuwa na dagaa kilo sita na migebuka ya moshi kilo mbili, nilifunga kwenye nailoni tatu tatu na nikaandika juu kwa kalamu kwa Kifaransa na Kiingereza samaki wakavu na kilo zake. Afisa mmoja alituomba tufungue. Akafungua mfuko wa nje, harufu ya Kibirizi ikajaa pale mezani, akachukua dagaa mmoja akamweka kwenye kiganja chake chenye glavu akamgeuza, mama kwenye kiti amekaa wima kabisa anamwangalia mtu na dagaa yake. Akauliza kilo ngapi, nikamwambia nane zote kwa pamoja, akairudisha, akafunga mfuko mwenyewe vizuri, akatuonyesha mlango. Mama alinishika mkono akaniambia "kaifunga vizuri kuliko wewe". Usiogope kufunguliwa, ogopa kuficha.

Ukitoka pale uko ghorofa ya 2, ukumbi wa kuwasili. Kijana wa wilchea alitufikisha pale tukakaa kwenye viti. Waifai ni ya bure haina kikomo, nikampigia dada, shemeji alikuwa kazini hawezi kuja, akasema njooni na treni ni rahisi. Wakati huohuo kuna mwanaume akatufata anataka kutupeleka na gari yake, anasema bei nzuri, nikakataa. Kituo rasmi cha teksi kipo nje tu ya huo ukumbi, unapanga foleni, mtu anayekufata ndani kukushika begi achana naye, awe anaongea lugha gani.

Nilikuwa naongea na mama kwa sauti kuhusu lifti iko wapi, kuna mama mmoja anafanya usafi pale akasimama. "Mama, munatoka wapi?" Kwa Kiswahili kabisa! Nikamwambia Kigoma. "Kigoma? Miye ni mutu wa Kalemie, siye ni majirani, ziwa ni moja." Wakashikana mikono na mama kama wamepotezana zamani. Akatuonyesha lifti, "treni iko kule chini kabisa, musitoke inje." Yaani mtu umesafiri kutwa na usiku kucha halafu unaelekezwa njia na mtu wa ng'ambo ya ziwa lako. Brussels kuna Wakongo wengi, mtaa wa Matonge ndo kwao, Kiswahili na Kilingala unavisikia njiani, kwa hiyo usiogope kuuliza kwa Kiswahili ukiwa umekwama. Mama kwake Ubelgiji lilikuwa neno moja tu, Belbase, maana Wabelgiji waliiteka Kigoma vitani 1916 na baadaye Waingereza wakawaachia sehemu ya bandari kwa mizigo ya Kongo, ndo hiyo Belbase, babu yangu mzaa mama alibeba magunia pale. Kumbe wenye Belbase kwao ndo huku, ndo alichosema ndani ya lifti.

Sasa kosa letu. Mi Kifaransa nakifahamu kidogo, si unajua huku kwetu tumekaa na Warundi na Wakongo, kwa hiyo kwenye mashine ya tiketi nikachagua Kifaransa. Naandika Leuven, mashine inanipa Louvain, na chini yake Louvain-la-Neuve. Nikasimama. Louvain ndo Leuven, jina moja kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi, ila Louvain-la-Neuve ni mji mwingine kabisa, mbali na pale. Nikachagua sawa, Louvain, vizuri. Tunafika chini kwenye reli, naangalia skrini natafuta Louvain, haipo. Imeandikwa Leuven, kwa sababu Zaventem iko upande wa Waflemi, Wabelgiji wanaoongea Kiholanzi, na majina ya pale ni ya Kiholanzi. Na mi nilikuwa nalijua hilo jina maisha yangu yote kwenye simu ya dada, lakini muda ule kichwa kilishashika tiketi inavyosema. Treni ya Leuven ikaondoka tunaiangalia. Tukapanda iliyofuata na watu wengi, kumbe inaenda Brussels upande wa pili. Tukashuka Brussels Kaskazini, kondakta akaniandikia namba ya reli kwenye tiketi, tukarudi, tumechelewa kama saa moja. Mama alivumilia lakini baridi ya pale stesheni ilimwingia, na hilo lilinisikitisha maana ni mimi niliyekuwa na macho ya kusoma.

Kwa hiyo shikeni hili, pengine ndo la maana kuliko yote niliyoandika. Ubelgiji mahali pengi pana majina mawili. Brussel-Zuid na Bruxelles-Midi ni stesheni moja, ya kusini. Noord na Nord ni moja. Antwerpen ni Anvers. Luik ni Liège. Bergen ni Mons, hiyo huwezi hata kubahatisha. Shirika la treni lenyewe lina majina mawili, NMBS na SNCB, wewe tafuta alama ya herufi B ndani ya duara kama yai. Kabla hujaondoka nyumbani mwambie mwenyeji wako akuandikie jina la stesheni yako kwa lugha zote mbili. Na ukirudi uwanjani, stesheni inaitwa Brussels Airport-Zaventem, kuna nyingine inaitwa Zaventem peke yake, ni ya kijijini, usishuke hapo.

Tiketi usitupe. Pale stesheni ya uwanja kuna vigeti unaskani tiketi kuingia, na ukija unaskani kutoka, ukiitupa kwenye treni utabaki ndani. Na nauli utaona imezidi kwa sababu ndani yake kuna nyongeza inaitwa Diabolo, kila anayeshuka au kupanda hapo anailipa, ni ya kulipia reli iliyojengwa kuunganisha uwanja, ilifunguliwa 2012. Kwa umbali ule ni ghali, siwezi kusema vingine, dakika zisizofika ishirini mpaka katikati ya Brussels. Lakini iko chini ya jengo lilelile, mtu mwenye magoti anashuka na lifti mpaka kwenye treni bila kuona mvua. Kwetu hiyo ilitosha.

Mambo mengine niyapitie haraka. Saa: kipindi cha baridi wako nyuma yetu saa mbili, kipindi cha joto saa moja, na tiketi zinasoma 13:20 ambayo ni saa saba na dakika ishirini mchana, mwandikie mzazi wako kwa saa yetu. Ukikuta tiketi ya bei rahisi sana angalia herufi, BRU ndo uwanja ninaousema, CRL ni Charleroi, nao wanauita wa Brussels lakini uko mbali kusini. Watu wa Manyovu na Kasulu angalieni pia Bujumbura, Brussels Airlines inaruka kutoka pale na kwa ninyi ni karibu kuliko Dar. Na jirani zetu wenye pasipoti za Kongo wajue kwamba hata kubadilisha ndege tu uwanjani Ulaya bila kutoka nje wanatakiwa viza ya kupita, Mtanzania hayumo kwenye orodha hiyo.

Na migomo. Hii ichukulieni kwa uzito. Mwaka 2025 kulikuwa na siku za mgomo wa nchi nzima, Machi 31 mojawapo, na ndege za abiria za kuondoka pale zilifutwa zote, maana wakaguzi wa usalama nao wanagoma. Tiketi yetu ya kurudi ilikuwa Novemba 26, shemeji akasikia habarini kuna mgomo siku hiyohiyo, tukaiwahisha tukaondoka 22. Wanatangaza wiki kadhaa kabla, kwa hiyo mwenyeji wako awe anafuatilia.

Siku ya kurudi shemeji alitusindikiza kwa treni. Tukaingia kwenye lifti na watu wengine, mabegi yamejaa, mi niko nyuma, shemeji amebanwa kona. Mama alikuwa karibu na vitufe. Hakuuliza. Alifungua pindo la kitenge, akatoa kikaratasi, akakiangalia, akabonyeza 3.

Juu kule ni kaunta za kukabidhi mizigo, unasoma skrini inakwambia safu namba ngapi. Wilchea safari hii ilikuwa tayari. Ukaguzi wa usalama ni sehemu moja kubwa kwa wote, vimiminika vya begi la mkononi beba chupa zisizozidi mililita 100 utakuwa salama, halafu sisi wa B tunapita uhamiaji tena, fika masaa matatu kabla ya ndege na usiyapunguze. Maduka ya chokoleti yamejaa, wenyewe wanajisifu kwamba hakuna sehemu duniani inauza chokoleti kuliko uwanja huu, na kwa nilivyoona naamini. Kununua nunua mjini kwenye duka la kawaida, bei ni nafuu. Mama alinunua boksi moja dogo kwa hela yake ya pindo, la yule mama wa Kalemie, tukamwulizia kwa wenzake wakasema yuko zamu ya usiku, wakalipokea wakaandika jina lake juu.

Uwanja naupa 8 kwa 10. Mbili nimekata kwa bei ya treni na kwa yale majina.